Mlimani, Bagamoyo au kikundi cha mtaani: ujifunzie wapi kusema na kuigiza?

Binti wa dada yangu amemaliza kidato cha sita mwezi Mei, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Alikuja kwangu Tabata Jumapili moja, akanipa shikamoo, akakaa kimya mpaka chai ikapoa. Ndipo akasema: "Mama mdogo, nataka kuigiza. Mama anataka nisome uhasibu. Nikimkatalia lazima niwe na jibu la nitasoma wapi."

Nilimjibu siku ileile, lakini najua si yeye peke yake anayehangaika na swali hilo, kwa hiyo naliandika kwa marefu. Mimi nimepita njia mbili kati ya tatu nitakazozilinganisha. Nilianza na kikundi cha Temeke, nikakaa miaka 4, kisha nikaenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, nikiwa na miaka 24. Bagamoyo sikusoma, ila nimefanya kazi na waliosoma huko kwa muda mrefu, na nawatambua kwa namna wanavyosimama. Leo naandika michezo ya redio, nasoma matangazo, na naingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje. Sijulikani sura, wala sijutii. Mafunzo ya kusema na kuigiza ndiyo yaliyonijengea maisha haya, hata pale ambapo siigizi kabisa.

Watu wengi hulinganisha njia hizi kwa cheti na kwa umaarufu. Mimi nalinganisha kwa swali moja: kwa wiki, utasahihishwa mara ngapi, na nani? Kipaji unacho tayari, ndiyo maana unauliza. Usichonacho ni sikio la mtu mwingine juu ya sauti yako.

Kuingia

Mlimani unaomba kwa matokeo ya kidato cha sita au stashahada inayokubalika, unasoma miaka 3, unatoka na shahada. Unaweza pia kuomba mkopo wa Bodi ya Mikopo, jambo ambalo kwa familia nyingi ndilo linaloamua. Bagamoyo, yaani TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), hata aliyeishia kidato cha nne ana pa kuanzia, kwa astashahada, kisha akapanda hadi stashahada. Kutoka mjini ni kilomita kama 70, unapita Tegeta, Bunju, Mapinga na Kerege, kwa hiyo usijidanganye kwamba utakuwa unakwenda na kurudi kila siku. Kikundi cha mtaani hakikuulizi matokeo. Unakwenda siku ya mazoezi, unakaa, unatazama, unaomba. Vingine vinataka ada ndogo ya kujiunga. Kikikutaka fedha nyingi kabla hata hujasimama mbele ya watu, ondoka.

Sauti

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopoteza miaka.

Kikundi chetu kilifanya mazoezi kwenye uwanja wa nyumba moja Temeke, chini ya mwembe, jirani na barabara ya daladala. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na mama aliyekaanga samaki. Kiongozi wetu, mzee aliyewahi kuigiza michezo ya redio, hakuwa na somo la sauti lililoandikwa popote. Alinisimamisha chini ya mwembe akaniambia: "Mwambie yule mama kwamba mwanawe amefika. Usimpigie kelele. Mwambie."

Nilipiga ukelele. Aliyegeuka ni kondakta. Mama wa samaki aliendelea kugeuza samaki wake.

"Umeutangazia mtaa," mzee akasema. "Mtu hujamwambia."

Ilinichukua wiki 3, kila siku kwa maneno tofauti. Siku aliyogeuka nilikuwa nimemwambia tu kwamba moshi unaelekea kwenye nguo za jirani. Aliinua kichwa, kijiko cha matundu mkononi, mafuta yakichuruzika, akaangalia kamba ya nguo, kisha akaniangalia mimi. Sikuwa nimepaza sauti kuliko siku nyingine. Nilikuwa nimevuta pumzi kwanza, na nilikuwa nazungumza naye.

Somo hilo Mlimani sikulipata. Nililopata ni maelezo yake. Kule nililala sakafuni na kitabu juu ya tumbo, nikahesabu kwa pumzi moja huku nikikiona kitabu kikishuka polepole. Nikafundishwa kwamba chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli uliotandaa kati ya kifua na tumbo, na kwamba sauti huzaliwa pumzi inapotikisa nyuzi za sauti kooni. Ukikosa pumzi, koo ndilo linalolipa. Ndipo nilipoelewa kwa nini wenzangu wa Temeke walikuwa wakikaukiwa sauti kufikia onyesho la tatu, wanasingizia vumbi na maji baridi. Mtaani unaweza kujifunza jambo sahihi bila kujua kwa nini ni sahihi, na siku likikuponyoka huna njia ya kulirudia. Mlimani hukupa hiyo njia.

Kisha kuna matamshi. Sisi wa Dar tumetoka kila pembe ya nchi, na ndimi zetu zinabeba tulikotoka. Nilikuwa nasema "zana" nikikusudia "dhana", na "samani" nikikusudia "thamani". Kwenye kikundi hakuna aliyenisahihisha, maana wote tulisema hivyohivyo, na uwanjani hadhira inaona uso wako, inajua unachokusudia. Kwenye redio msikilizaji hana uso wa kumsaidia. Ukichanganya "mahali" na "mahari" katika mchezo wa posa, umemwaga hadithi nzima. Hata mkazo una kazi yake. Kawaida ya Kiswahili ni kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ndivyo tunavyoitaja barabara tunayopita, lakini kitu kilichofanywa sawasawa kimefanywa barabara kwa mkazo unaosogea hadi silabi ya tatu kutoka mwisho. Herufi ni zilezile, sikio peke yake ndilo linalotofautisha. Mwalimu mmoja alinirudisha kwenye sentensi moja asubuhi nzima mpaka nikasikia tofauti mwenyewe, na tangu hapo sijaacha kusikia.

Lakini niseme na ubaya wake. Baadhi ya wahitimu hutoka na sauti iliyopigwa pasi mno. Unampa nafasi ya dada anayegombana na mpangaji huko mtaani Kigogo, anaongea kama anasoma taarifa ya habari ya saa mbili. Kiswahili sanifu ukijue ili ukikiacha uwe umeamua kukiacha. Mhusika aliyekulia Mbagala ana haki ya kusema kama mtu wa Mbagala, na muuza duka Mpemba naye ana lafudhi yake. Lafudhi hizo huzipati darasani, unazipata kwa kukaa na watu.

Bagamoyo wanafundisha sauti kwa njia nyingine kabisa, na naionea wivu. Wanaimba huku wanacheza ngoma, kwa hiyo pumzi yao imezoea kugawana kazi na miguu. Mwaka mmoja tulirekodi mchezo ambamo kijana anakimbia kutoka shambani kuleta habari ya moto. Waigizaji wengi wakifika hapo hujihemesha kwa mdomo, na maikrofoni haidanganyiki. Kijana aliyesoma Bagamoyo alituomba tusubiri. Akatoka nje ya studio, akapanda na kushuka ngazi mara 6, akarudi akiwa anahema kwelikweli, akazisema sentensi zote 5 bila kumeza neno hata moja. Tulirekodi mara moja tu. Fundi mitambo akavua vifaa vya masikioni akamtazama kupitia kioo.

Mwili

Katika hili Bagamoyo haina mshindani kwa hapa kwetu. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, kikawa TaSUBa mwaka 2007, na tangu mwanzo anayesomea uigizaji hufundishwa pia ngoma, muziki na hata sarakasi. Marehemu Hukwe Zawose, yule bingwa wa zeze na ilimba kutoka Ugogoni, alifundisha pale. Mwanafunzi aliyejifunza mahali penye watu wa namna hiyo hujua kwamba kisigino nacho kinasema. Waliosoma Bagamoyo wakiingia jukwaani huhitaji maneno machache. Mlimani kuna mazoezi ya mwili pia, lakini siku ya mwanafunzi imejaa vitabu, na inaonekana mabegani. Kikundi kinakupa uvumilivu wa jua na wa kusimama, basi.

Kuandika

Mtu anayetaka kuandika, aende Mlimani. Sitafuni maneno katika hili. Mafunzo ya sanaa za maonyesho yalianza pale mwaka 1967, kabla hata chuo hakijawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na ukiangalia majina yaliyoibeba tamthilia ya Kiswahili utayakuta yanapita kwenye vyumba vilevile: Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Amandina Lihamba. Lihamba ameandika, ameongoza, amefundisha na ameigiza. Hao hawakutenganisha kusoma na kusimama jukwaani, na desturi hiyo imebaki. Unaisoma tamthilia ukijua kwamba wiki ijayo utaisema mbele ya wenzako, na utaulizwa kwa nini mhusika alinyamaza pale aliponyamaza. Ukiulizwa swali la aina hiyo miaka 3, hutaandika tena mazungumzo ya kujaza kurasa.

Kutoka idara hiyohiyo ulizaliwa mwaka 1996 mradi wa Tuseme, uliowapa wasichana wa sekondari nafasi ya kutumia maigizo kuyataja matatizo yao, kuyachambua na kuyasema mbele ya wanaohusika. Nautaja kwa sababu unaonyesha mafunzo haya yanafika wapi. Msichana aliyecheza nafasi ya mwalimu mkuu mbele ya mwalimu mkuu mwenyewe amejifunza jambo ambalo hata asipoigiza tena maishani mwake litambaki mdomoni.

Kikundi nacho kina shule yake ya uandishi, isiyotumia karatasi. Unaambiwa: wewe ni mke, mume amerudi, mshahara haumo mfukoni, anza. Hakuna muswada, maneno unayatoa papo kwa papo. Tamthilia nyingi za mwanzo za televisheni zetu, baada ya televisheni kuingia Tanzania Bara mwaka 1994, zilichezwa kwa mtindo huo, na vikundi kama Kaole vilitoa watu walioijenga filamu ya Bongo: Steven Kanumba, Vincent Kigosi na wengine. Mtindo huu unafundisha kusikiliza, maana usipomsikia mwenzako huna cha kumjibu. Mpaka leo nikiandika mazungumzo nayasema kwanza kwa sauti jikoni, nikiwa mume na mke kwa zamu, kama tulivyofanya chini ya mwembe.

Udhaifu wake ni kwamba papo kwa papo humrudisha mtu kwenye alichozoea. Mama mkwe mkali yuleyule, tajiri yuleyule na simu yake, kilio kilekile. Baada ya miaka 4 nilikuwa najua kulia kwa namna moja tu. Wiki ya pili Mlimani nilipewa mistari ya Shakespeare katika Kiswahili cha Mwalimu Nyerere, sentensi ndefu inayotaka pumzi mpaka mwisho na mawazo yanayopinda katikati. Nikajikuta sina pa kulilia, ikanibidi nifikiri.

Riziki

Kikundi kinakuingiza kazini haraka na kukulipa kidogo, wakati mwingine hakikulipi kabisa. Nilicheza miezi 5 katika tamthilia moja ya televisheni kupitia kikundi kingine, nikapewa nauli na ahadi. Siku nilipouliza mkataba niliambiwa nina haraka ya mafanikio. Iliniuma, na bado inaniuma nikiona vijana wanapita palepale. Kwa hiyo ukiingia kikundi, uliza mapema nani anapokea fedha na zinagawiwaje, na makubaliano yaandikwe hata kama ni kwenye daftari. Ukiwa na muswada wako, uusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kabla hujaugawa. Usajili wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, nao usiuache mpaka ukamatwe na kazi inayoutaka.

Mhitimu wa Mlimani ana milango mingine: kufundisha, redio, mashirika yanayotumia maigizo shirikishi vijijini, uhariri wa miswada. Ile ya mashirika isidharauliwe. Mchezo wa redio Twende na Wakati, ulioanza Radio Tanzania mwaka 1993, ulibeba masuala ya uzazi wa mpango na UKIMWI ndani ya hadithi, na kazi za aina hiyo zinaendelea kuhitaji waandishi na sauti. Mhitimu wa Bagamoyo hupata zaidi maonyesho, matamasha, hoteli na safari za vikundi. Sasa kuna kazi nyingine iliyoongezeka, ya kuingiza sauti. Azam TV walipoanza kuonyesha tamthilia za Kituruki kwa Kiswahili, watu kama sisi tulipata meza mpya ya kulia. Kazi hiyo inataka mambo matatu kwa pamoja: uyasome maneno, uutazame mdomo wa Mturuki unapofunga, na uamini unachosema. Hakuna njia kati ya mbili nilizopita iliyonifundisha yote. La kusoma nililipata Mlimani, la kuamini Temeke, na la kuutazama mdomo nilijifunza kazini kwa kukosea.

Kwa wazazi wa watoto wadogo

Mara nyingine mzazi huniuliza kuhusu mitihani ya kusema na kuigiza ya London, ile ya Trinity au LAMDA, yenye madaraja mpaka la 8, ambapo mtoto hukariri kipande, hukisema mbele ya mtahini na kujibu maswali. Ni mizuri kwa kumtoa mtoto aibu na kumzoesha kujiandaa. Lakini kwa kawaida hufanywa kwa Kiingereza. Mtoto akijifunza kusema kwa uzuri katika lugha moja tu, ile nyingine anaiachia nyumbani, na hapa Dar lugha ya hadhira ni Kiswahili. Ukimpeleka huko, mpe pia ngonjera na mashairi ya kukariri, na umsikilize mpaka mwisho.

Nani aende wapi

Ukiwa na matokeo na unapenda kujua kwa nini, nenda Mlimani. Ukiwa mtu wa mwili na muziki, usiyetulia kwenye kiti, Bagamoyo itakulea vizuri kuliko chuo chochote, na usikubali mtu akwambie stashahada ni daraja la pili. Ukiwa huna fedha wala matokeo, au unataka kwanza kujua kama hii kazi unaipenda kweli, ingia kikundi mwaka mmoja. Ila usikae miaka 4 kama mimi bila mtu wa kukusahihisha matamshi. Tafuta mtangazaji mstaafu, au mwalimu wa Kiswahili wa shule ya jirani, mlipe hata kidogo akusikilize saa moja kwa wiki.

Huyu binti yetu nilimjaribu palepale sebuleni. Nilimpa ukurasa wa mchezo wangu, yeye mtoto, mimi mama. Anasoma vizuri, sauti safi, dh na th zake hazina kasoro, HKL imemfaa. Katikati nikabadilisha jibu langu kwa makusudi. Kwenye karatasi mama anakataa, mimi nikamwambia, "Haya, nenda." Aliendelea kunibembeleza nimruhusu, kama ilivyoandikwa. Hakunisikia.

Kwa hiyo nilimwambia aombe Mlimani, na miezi hii ya kusubiri udahili aende kikundi cha Temeke kila Jumamosi, mahali ambapo hakuna karatasi ya kujifichia. Atakapofika chuoni asikiache. Bila kikundi atakuwa msomaji mzuri wa maneno ya watu.

Dada nilimpigia usiku uleule. Nilimweleza kwamba shahada ni shahada, kwamba mwanawe anaweza kuishi kwa sauti yake kama ninavyoishi, na kwamba mwaka wa kwanza wa kutoka chuoni utakuwa mgumu, sikumficha. Alinisikiliza muda mrefu. Kuhusu chuo hakuuliza kitu. Aliuliza mazoezi ya Temeke yanaisha saa ngapi, na nani atamrudisha mtoto nyumbani giza likiingia. Nikamwambia yanaisha saa 12 jioni, na nitamchukua mimi.